Nyie mpo kweli?

Mtwara, Septemba 2024

Dada amerudi tena na hoja ya mtu maarufu. Dada ndiye bosi wangu. Ni mtoto wa baba mkubwa, na biashara ni yake. Kuna binti wa Dar es Salaam mwenye wafuasi wengi Instagram, anataka alipwe ili avae gauni letu moja, aposti picha, basi. Hela aliyotaja inanunua robota la vitenge Kariakoo na chenji inabaki. Dada anasema jina nalo ni mtaji. Nikamuuliza, huyo binti akishaposti, mama wa Newala ataamini nini ambacho jana hakukiamini? Akaniambia nimwondolee maneno ya kisomi. Fundi akapiga simu kuuliza zipu, kikao kikavunjikia hapo, kwa hiyo namalizia maneno yangu huku.

Sisi hatuna duka la mtu kuingia. Tunauza madera, magauni ya vitenge na sare za shughuli kupitia Instagram na WhatsApp. Kitambaa kinatoka Kariakoo, kinashonwa hapa Chikongola, kisha mzigo unapelekwa stendi ya Mkanaledi kupanda basi la Masasi, Newala au Nachingwea. Kazi yangu ni kila neno linalotoka kwa jina la biashara: maelezo chini ya picha, majibu ya inboksi, redio wakituita, na kumsikiliza mteja ambaye gauni limegoma kupita mabegani. Wengi wanadhani kazi hii ni kusifia. Gauni zuri linajisifia lenyewe. Kazi ipo kwingine: huku kila mtu ana shangazi au shoga aliyewahi kutuma hela kwenye ukurasa fulani, akasubiri mzigo, akajikuta kablokiwa. Biashara mpya ya mtandaoni inazaliwa na deni ambalo haikukopa. Mteja anakusalimia vizuri, anasifia rangi, anauliza kama mikono inaweza kurefushwa, halafu ndiyo linakuja lile swali lenyewe: "Samahani dada, nyie mpo kweli?"

Dada alipoanza alikuwa na picha za kupakua, wanawake warefu wembamba mbele ya ukuta mweupe, hata jasho hawana. Nikaomba tupige zetu, na tupigie Mikindani. Si mbali na mjini, na zile kuta za mawe ya matumbawe hazihitaji kupambwa. Tulimsimamisha binamu yetu, mwenye kiuno cha mtu aliyezaa, kwenye uchochoro, jua la saa kumi likimpiga ubavuni. Kwenye picha moja pindo la dera limekunjika kidogo na kandambili inaonekana. Dada alitaka ifutwe. Nikaing'ang'ania, ikapanda.

Hakuna aliyeanza kwa kuuliza kitambaa. Wa kwanza aliandika, "Hapo si njia ya kupandia Boma?" Boma lile walilojenga Wajerumani mwaka 1895, siku hizi ni hoteli. Akaja mwingine: si njia ya Boma, huko ni chini kabisa karibu na bahari. Wa tatu akadai mlango ule anaujua, bibi yake alikuwa akiuza mihogo hapo mbele. Wakabishana wao kwa wao mpaka usiku, mimi nikiwa kimya nachungulia tu. Ubishi ulipopoa, maswali ya saizi yakaanza. Ukuta wanaoufahamu uliwaambia tupo, tena vizuri kuliko aya yoyote ambayo ningeandika.

Kwenye picha mojawapo kuna bibi amekaa barazani nyuma ya binamu. Nilirudi kumwomba ruhusa kabla ya kuiposti. "Shikamoo bibi, umeingia kwenye picha yetu, tunaomba tuiweke mtandaoni." Akaishika simu, akaiweka mbali na macho, akaiangalia weee. "Marahaba mjukuu wangu. Iweke. Lakini mngeniambia nikavaa ushungi wa maana." Yupo na ushungi wake wa kila siku, na ndiyo picha inayopendwa kuliko zote.

Ruhusa naikazania, na si kwa adabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na wenzetu wengi wa nguo bado wanachukua picha ya mteja kwenye stetasi yake na kuiweka ukurasani kama mali yao. Mteja katuma picha kukuonyesha alivyopendeza, hajakuomba umtangaze. Wengine wana waume wakali, wengine wana mambo yao. Na kuna vitu hata ukiruhusiwa unaviacha. Sisi watu wa Kusini tuna unyago. Siku mwali anatolewa nje ni sherehe ya wote, sare zinameremeta, piga picha mpaka uchoke. Ya ndani ni ya ndani. Kuna mteja alinitumia video ya huko akidhani atanifurahisha, kwa kuwa vitenge vinavyoonekana ni vyetu. Nilimshukuru, nikaifuta, nikamwomba na yeye asiisambaze. Dada alisema tumepoteza tangazo. Tumelipoteza, sawa.

Halafu jambo dogo linalonikera: "bei njoo inboksi." Sijui nani alilianzisha. Anayeuliza bei akaambiwa ajifiche pembeni anaelewa fika kwamba anakwenda kupimwa mfuko kwanza. Sisi tunaandika bei juu ya picha, na nauli ya mzigo chini yake. Wapo wanaosema ghali. Waseme, angalau wanasema hadharani na mimi najibu hadharani.

Lakini kilichonifundisha kazi ni Mei mwaka huu. Tulikuwa ndiyo kwanza tunachipukia. Kimbunga Hidaya kilipiga Pwani mwanzoni mwa mwezi, mvua ikashuka, na barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yakakwama huko, na ndani ya basi mojawapo kulikuwa na vitenge vya sare za harusi ya Masasi. Dada alitaka tusubiri, huenda njia itafunguliwa kesho, kwa nini tuwatie watu hofu? Nilipiga simu siku hiyohiyo. Ujumbe wa maandishi usingefaa, maana habari mbaya iliyoandikwa haina sauti ya kuisindikiza.

"Shikamoo mama. Mzigo wa sare umetoka Dar, ila gari limekwama Somanga, na sina siku ya kukuahidi."

"Marahaba. Nimesikia redioni, mwanangu. Nilikuwa nawasubiri nione kama mtanipigia."

Hapo ndipo mikono ilinitoka jasho. Mama yule alikuwa anajua kila kitu tangu asubuhi. Tulichokuwa tunabishania na dada, tumwambie au tusimwambie, hakikuwepo. Kilichokuwepo ni yeye kupima tu kama tutajitokeza. Nikampa njia mbili: hela yake yote irudi jioni hiyo, au tumtafutie kitenge kingine kwenye maduka ya hapa mjini, bei ileile. Akachagua la pili, akataka kuona kitambaa. Nikazunguka madukani nikipiga picha, yeye akikataa. Cha kijani kina maua makubwa, hiki kina rangi ya msiba, hiki mawifi watasema. Tulipopata alichokikubali mafundi walikesha, na harusi ikapita. Mzigo wa Somanga ulipofika tuliuuza rejareja.

Tarehe 12 mwezi huohuo mikongo ya intaneti ya chini ya bahari nayo ikapata hitilafu, mtandao ukayumba Afrika Mashariki nzima. Ukurasa haufunguki, picha haipandi. Biashara ya mtandaoni bila mtandao! Bahati nzuri nilikuwa nimeshaanza kuandika namba za wateja kwenye daftari, nikarudi kwenye meseji za kawaida na simu.

Yule mama wa Masasi ni mwenyekiti wa kikoba. Sijamlipa hata shilingi, na oda za wanakikoba wenzake bado zinakuja. Kwa hiyo jioni hii nimempigia dada kwa hesabu badala ya maneno ya kisomi: sehemu ndogo ya hela ya yule binti wa Dar inashona magauni ya kuwapa wasusi na washehereshaji wa Newala, Tandahimba na Masasi, watu ambao mteja anaweza kuwagusa nguo na kuwauliza kama inatoa rangi. Amekubali kwa masharti, ukiwemo mgawo wa gauni moja kwake.

Redio ya hapa mjini pia wametuita asubuhi ya kesho kutwa. Wanataka nizungumzie vijana kujiajiri. Nitazungumzia hilo dakika chache, kisha nitawafundisha wasikilizaji kujipima bila futi ya fundi: chukua uzi, zungusha sehemu nene ya kifua, usibane, kata, laza kwenye rula ya mtoto wa shule, andika inchi. Halafu kiuno, halafu nyonga. Malalamiko yetu mengi yanatokana na mtu kuniambia "mimi ni M" huku M ya kila mshonaji ina tumbo lake.

Oktoba minada ya korosho inafunguliwa. Mkulima anapeleka mzigo ghalani kupitia chama cha msingi, mnada unapigwa, ndipo hela inaingia benki, na katikati hapo kuna kusubiri ambako hakuna anayekujulia urefu wake. Wateja wameanza kuniandikia, "niwekee, nikilipwa korosho nakutumia." Kukataa ni kuwatukana, kukubali yote ni kufunga biashara. Nimeandaa ujumbe wa stetasi, mfupi: "Sare za Desemba tunapokea kuanzia sasa. Robo ya bei unalipa ukichagua kitambaa, na kitambaa hakiuzwi kwa mwingine. Hela ya korosho ikichelewa tuambie, tutasogeza siku. Ukinyamaza mpaka Desemba mosi, robo yako tunakurudishia na kitambaa tunakiachia." Dada ameusoma, anasema una ukali, niongeze maua matatu na mikono ya kuomba. Nimeongeza ua moja.