Vigari vya rali kwa mshahara uleule: ninavyonunua siku hizi

Kwa muda mrefu kigari cha kawaida cha Hot Wheels, vile vigari vidogo vya kuchezea, hapa Nakuru kilikuwa cha shilingi 200, au 250 ukiingia duka la wenye pesa. Siku hizi kigari hichohicho nakikuta kwa 400, na vile vya matairi ya mpira vinavyokuja kwenye kadi kubwa, yaani karatasi ngumu ya kuvifungia, vimeshavuka 1,000. Mshahara wangu haujapanda hivyo. Mimi nakusanya vigari vya rali, na kuacha sikutaka, basi nikaanza kufuatilia bei inapandia wapi na ni wapi ninaweza kuikwepa. Nayaandika haya kwa wenzangu wa Nakuru, Kisumu na magharibi, maana ushauri mwingi ninaousikia ni wa watu wa Nairobi, walio na maduka ya vichezeo kila upande.

Kwa nini rali? Naivasha iko kwenye kaunti yetu, na tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kila msimu wake ukifika vijana wa mtaani kwetu hawazungumzi kingine. Wazee wetu bado wanaisimulia Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mimi ni wa enzi za Subaru ya buluu, ile Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari mwaka 1997. Hot Wheels wametengeneza 240Z na wametengeneza Impreza 22B, zote za kutosha kiganjani, na mtu aliyekulia kando ya barabara ya vumbi akiona magari hayo yakipita hahitaji kuelezwa zaidi.

Turudi kwa bei. Hot Wheels ni vya kampuni ya Mattel ya Marekani, vilianza 1968, na kwa miongo kadhaa kule kwao kigari kimoja kimekuwa kikizunguka kwenye dola moja. Vingi hutengenezwa Malaysia na Thailand. Nchi imeandikwa chini ya kigari chenyewe. Kikianza safari ya kuja kwetu kinabeba nauli ya meli au ndege, ushuru wa forodha, tozo ya reli, ada ya uagizaji, halafu VAT ya asilimia 16 ambayo hukokotolewa juu ya bei pamoja na ushuru. Kisha kuna muuzaji wa jumla Nairobi, lori la kuja Nakuru, na mwenye duka anayelipa kodi ya nyumba. Kila mkono unaongeza chake. Mapema mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 160, na bei za rafuni zikapanda nayo. Dola iliporudi hadi karibu 130, bei zilibaki kulekule juu. Mwaka 2025 Mattel ikatangaza kwamba itapandisha bei Marekani kwa sababu ya ushuru mpya wa huko. Hapo ndipo niliposhtuka: wenzangu wengi walikuwa wakiagiza kutoka kwa wauzaji wa Marekani vigari vilivyotengenezwa Malaysia. Yaani kigari kinavuka bahari kwenda Marekani, kinatozwa ushuru huko, kisha kinavuka tena kuja kwetu na kutozwa upya. Nilimwomba wakala wetu wa mizigo atafute wauzaji wa Asia na Dubai, na tofauti ilionekana kwenye bili ya kwanza.

Kabla ya hapo, lakini, nilinunua daftari. Naandika kila bei ninayoiona hata nisiponunua: duka gani, mji gani, tarehe, kigari gani. Pia naandika nauli. Kigari cha shilingi 150 kilichopo Kisumu si cha 150 kama nimepanda matatu kutoka Nakuru kwa ajili yake tu, kwa hivyo Kisumu nanunua ninapokuwa huko kwa shughuli nyingine. Daftari hilo ndilo lililonionyesha kwamba duka la bei nafuu halikuwa lile nililokuwa nikilidhania. Maduka makubwa ya Kenyatta Avenue yana vigari vipya, lakini vigari vyangu vingi vya bei nzuri vimetoka kwa maduka ya vitabu ya miji midogo.

Hili la maduka ya vitabu watu hawalitilii maanani. Huku kwetu duka la vitabu huuza pia mipira, karata, wanasesere na vigari, hasa karibu na Krismasi. Visivyonunuliwa vinabaki vikining'inia nyuma ya kaunta miaka nenda miaka rudi, na bei ya zamani bado imebandikwa. Kakamega niliingia duka moja la aina hiyo, nikamkuta mzee mwenye miwani akipanga madaftari.

"Habari ya leo, mzee? Naweza kuona vile vigari vya kule juu?"

"Nzuri, kijana. Unamtafutia mtoto wa umri gani?"

"Ni vyangu, mzee. Navikusanya."

Alinitazama kidogo, akacheka, kisha akaingia stoo na kutoka na boksi zima. Kadi zilikuwa zimefifia kwa jua na pembe zimekunjamana, jambo linalowaudhi wanaotaka kadi safi, lakini mimi huvitoa kwenye kadi na kuvipanga kabatini. Kibandiko kilisema 180. Nilichukua saba na kumwachia namba yangu ya simu. Bungoma na Busia pia nimepata hivyohivyo. Ukienda, omba kwa heshima wakuangalizie stoo, maana vitu vizuri mara nyingi haviko rafuni.

Halafu kuna soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili. Wengi wanakuja kwa nguo, lakini wapo kina mama wanaofungua marobota ya vichezeo vya mitumba na kuvimwaga kwenye beseni au juu ya turubai: sungura asiye na sikio, treni bila reli, matofali ya Lego yaliyochanganyika na vipande vya fumbo. Matofali hayo usiyadharau. Tofali la Lego la mwaka 1958 linashikana na la leo, kwa hivyo hata ukiyanunua kwa gao yanafaa.

Mimi nachuchumaa na kuchagua kwa uzito kwanza. Plastiki tupu naisukuma kando, chuma nakiweka kwenye paja. Kisha napindua kila kimoja, nafuta tope kwa kidole gumba, na kusoma tumbo lake kwa tochi ya simu. Ukiona "Lesney" na "England", hicho ni Matchbox cha zamani. Lesney walianzisha Matchbox mwaka 1953 huko London na wakafilisika 1982, na leo jina la Matchbox ni mali ya Mattel. Nimewahi kuokota Land Rover ya Lesney iliyochubuka rangi yote upande mmoja, magurudumu yakizunguka vizuri kabisa.

"Mama, hiki pesa ngapi?"

"Hamsini, baba. Ukichukua vitatu nakufanyia mia."

Nilimpa mia mbili kwa vitatu, nikamwonyesha yale maandishi ya chini na kumwomba kila akifungua robota aniwekee vya chuma vyenye maandishi hayo. Mama huyo anasomesha watoto kwa beseni lile. Kumnyamazia thamani ya anachouza naona si haki. Tangu siku hiyo ananiwekea mfuko, na akipata kitu ananitumia picha kwa simu. Nalipa kwa M-Pesa, yeye anakabidhi mzigo kwa matatu ya Nakuru. Hakuna duka lililowahi kunihudumia hivyo.

Vipya tunavipata kwa katoni. Tuko wachache, wa Nakuru na Kisumu, na tuliamua kuchanga kama chama kinavyochanga. Katoni ya Hot Wheels vya kawaida ya soko la Marekani ina vigari 72 vilivyochanganywa, na kila mchanganyiko wa mwaka una herufi yake, hivyo unaweza kujua mapema kama ndani kuna unachokitaka. Ukijumlisha bei ya muuzaji, usafirishaji wa kilo chache na kodi, kila kigari kilitufikia kwa chini kidogo ya shilingi 300. Mmoja wetu ni mweka hazina, anapokea michango, na risiti zote anaziweka kwenye kundi letu kabla ya katoni kufunguliwa.

Kugawana ndiko kulikohitaji akili, maana wote tunataka vya rali. Tunapiga kura kwa vikaratasi. Wa kwanza anachagua kimoja, anafuata wa pili, hadi wa mwisho. Mzunguko wa pili unaanza na yule wa mwisho kurudi nyuma. Vinavyobaki bila mwenyewe tunaviuza kwa majirani wenye watoto kwa bei ileile iliyotugharimu. Mkataba wetu mwingine unahusu Treasure Hunt, vile vigari adimu ambavyo Mattel huvichanganya na vya kawaida tangu 1995. Cha kawaida cha aina hiyo kina alama ndogo ya mwali wa moto ndani ya duara. Kile kinachoitwa Super, kilichoanza 2007, kina rangi inayong'aa kama kioo, matairi ya mpira na herufi TH mahali fulani kwenye mwili. Madalali hukiuza kwa maelfu. Kwetu kinapigiwa kura yake peke yake, na atakayekipata haruhusiwi kukiuza nje kabla ya kuwauliza wenzake. Madalali wanaosubiri rafu ijazwe, wakazoa vyote vizuri na kuturudishia kwa bei mara tatu, wanaua raha hii, na sitaki chama chetu kiwalishe.

Mtandaoni nanunua mara chache. Naomba picha ya tumbo la kigari, si ya uso. Halisi huwa na jina la Mattel, nchi, na mwaka. Mwaka huo ni wa muundo kusajiliwa, si wa kutengenezwa, kwa hiyo usikubali kuuziwa "cha zamani" kwa sababu tu kimeandikwa 1997. Tangu 2008 hugongwa pia herufi moja na tarakimu mbili: herufi ni mwaka wa kutengenezwa, tarakimu ni wiki. Muuzaji akikataa kupiga picha hiyo, mazungumzo yanaishia hapo.

Binti yangu naye ameingia kwenye Labubu, vile vidoli vya manyoya vyenye meno, na vibanda vya mjini vimejaa. Ili ajue halisi na bandia, nilimfundisha kuhesabu meno tu: kile halisi cha kampuni ya Pop Mart kina tisa. Tulihesabu kwenye kibanda kimoja tukapata kumi kwa hiki, manane kwa kile. Alichagua chenye manane kwa sababu alikipenda, kwa bei ya kichezeo cha kawaida, na alijua anachonunua.

Kwa sasa dari yangu ni shilingi 300 kwa kigari kipya na 100 kwa cha mitumba. Cha dukani kwa 400 nakiandika daftarini na kukirudisha rafuni, kwa sababu mara nyingi kitakuja kwenye katoni. Nimeweka kando kitu kimoja tu ambacho dari hiyo haikihusu, Datsun 240Z ikiwa bado kwenye kadi yake. Yule mzee wa Kakamega ameahidi kunitafutia stoo, na katoni inayofuata tumeiagiza kwa herufi ambayo orodha yake ina Datsun hiyo. Kura isiponiangukia, nitamtolea mwenzangu atakayeipata 600, na zaidi ya hapo sitapanda.