Nilivyorudi kazini bila kumwachisha mwanangu ziwa

Watu wanapenda kusema maziwa ya mama ni ya bure. Si ya bure, ila bei yake hailipwi dukani. Unayalipia kwa usingizi, kwa sahani ya pili ya ugali na dagaa, na kwa muda. Muda ndio ulionitia wasiwasi likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilipokaribia kwisha. Mimi ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Mwanza, nyumbani ni Mabatini, na mtoto alikuwa hajafika hata nusu ya ile miezi sita ya kunyonya bila kupewa kitu kingine.

Kila mtu alinishauri maziwa ya kopo, nikakaa chini nikapiga hesabu. Kopo la gramu 400 linatoa kama lita tatu. Mtoto wa umri ule anakunywa karibu robo tatu ya lita kwa siku, kwa hiyo kopo linakata siku nne. Kwa mwezi ni makopo saba au nane, na kila moja lilikuwa linazidi shilingi 20,000. Gesi ya kuchemshia maji na vyombo sijaiweka. Na huku kwetu kandokando ya ziwa kipindupindu si hadithi. Chupa ikioshwa kwa maji yasiyo salama, mnaishia wodini, na wodini kuna nauli, dawa, chakula cha anayeuguza. Anayenyonya maziwa ya mama peke yake haharishi ovyo, na hata nimonia humpata kwa nadra zaidi.

Basi nikaenda kwa bosi. Sikwenda kuomba huruma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Bosi akaisoma kwenye simu yangu, akamwita mhasibu naye aisome. Tukakubaliana: saa moja mchana nikimbie nyumbani kunyonyesha, saa nyingine nitoke mapema jioni. Akanionyesha choo kuwa ndiyo sehemu ya kukamulia. Nikamwambia, "Bosi, hicho ni chakula cha mtoto. Wewe unaweza kulia wali humo?" Akacheka, nikapewa chumba cha mafaili.

Kukamua kwa mkono nilifundishwa na muuguzi wa kliniki, na pampu sijawahi kununua. Unanawa kwa sabuni, unaweka kitambaa cha uvuguvugu kwenye ziwa, kisha kidole gumba juu na vidole vingine chini, pembeni mwa sehemu nyeusi. Unasukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo unabana, unaachia. Usivute chuchu, utaumia na hutapata kitu. Mwanzoni yanatoka matone ya kukatisha tamaa, halafu ghafla yanaruka kama mvua. Ziwa likiachwa limejaa kutwa nzima, mwili unapunguza kutengeneza, ndiyo maana nilikamua hata siku ambazo foleni ya wateja ilifika mlangoni.

Chombo changu kilikuwa kikombe cha chuma chenye kifuniko, kimechemshwa, ndani ya hotipoti yenye barafu. Hotipoti inatunza baridi kama inavyotunza moto, sijui kwa nini watu huikumbuka kwenye pilau tu. Bila ubaridi maziwa hayo hayapaswi kukaa zaidi ya muda wa saa nne. Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Yakitulia, mafuta yanapanda juu. Hayajaharibika, unayatikisa taratibu. Kupasha ni kwenye bakuli la maji ya moto, siyo juu ya jiko.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa mama mkwe, aliyebaki na mtoto. "Mwanangu, joto lote hili, hata kijiko cha maji jamani? Au uji mwepesi?" Sikubishana naye, nilimchukua tukaenda kliniki wote. Muuguzi akamweleza kwamba sehemu kubwa ya maziwa yale ni maji, na mtoto akikojoa mara sita au zaidi kwa siku ameshiba maji. Kuanzia hapo mkwe akawa mhesabu nepi. Nikifungua mlango tu: "Leo saba, na usiku bado!" Alimnywesha kwa kikombe, kidogo kidogo, kwa subira ambayo mimi sina.

Fedha ya makopo niliiweka kwenye mchezo wa akina mama wa mtaani, zamu yangu ilipofika nikanunua friji la mtumba. Alipotimiza miezi sita tukaanza kumpa boga lililopondwa na unga wa dagaa, na ziwa linaendelea hadi miaka miwili, Mungu akijalia.

Mwenzangu wa kaunta ya pili anatarajia kujifungua. Yeye anakaa Kisesa, mchana hawezi kwenda na kurudi, kwa hiyo ameshamwambia bosi kwamba saa zake zote mbili anazitaka jioni.