Kijiti cha vitumbua

Mume wangu alipofariki, hapa Ngamiani, Tanga, watu walijaa mpaka barabarani. Eda nzima, miezi 4 na siku 10, sikulala peke yangu hata usiku mmoja. Nalisema hili mwanzo kwa sababu majirani zangu sina la kuwalaumu.

Eda ikaisha, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Ndipo nilipoanza kuumwa. Usingizi hauji. Nabandika chai, inachemka mpaka inakauka, nimekaa naiangalia. Wapo waliosema nimepungukiwa imani, wapo waliosema nimetupiwa kitu. Maneno hayo yaliniuma kuliko upweke wenyewe. Nawaombeni sana, msimwambie hivyo mtu aliyezidiwa.

Jirani yangu muuza vitumbua hakunipa ushauri wowote. Alibisha hodi saa 10 alfajiri: "Mwanangu, mkono unaniuma, njoo unigeuzie." Nikamfuata na khanga niliyolalia. Yeye anamimina uji wa mchele kwenye vishimo vya chuma, mimi nashika kijiti. Unangoja ukingo ukauke na kuachia, ndipo unakizungusha. Ukiwahi kinachanika, ukichelewa kinaungua. Kwa muda ule nilikuwa siwazi kingine. Siku ya nne, nimeinamia moto, nikajikuta nasimulia usiku aliofariki. Hakunikatiza. "Ehe," anasema, anamimina, "ikawaje?"

Ni yeye pia aliyeona kwamba vitumbua peke yake havitoshi. Akanipeleka hospitali, akakaa kwenye foleni nami mpaka nikaitwa. Dawa nilimeza, na usingizi ukarudi.

Baadaye nikasoma habari za Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wamsikilize, kisha wachague pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuatilia watu 573 wa Harare; baada ya miezi 6, waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Maradhi yenyewe Washona wanayaita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Nikakumbuka nilivyokuwa nikinong'onwa dukani: "Yule ana mawazo."

Kwenye misiba yetu hakukosekani daftari la rambirambi: fulani katoa shilingi kadhaa, fulani mchele kilo 5. Nataka liwe na ukurasa mwingine, wa kuandika nani atambishia hodi mfiwa mwezi wa 5 tangu msiba, nani wa 6, nani wa 7, watu wakishatawanyika. Juzi kulikuwa na msiba mtaa wa nyuma. Nikaliomba daftari, nikafungua ukurasa mweupe, nikajiandika mwezi wa 5. Aliyekuwa akilishika aliniuliza maana yake. Nilipomweleza, akachukua kalamu akaandika jina lake chini ya langu.