Nilitaka FJR, nikarudi na V-Strom

Mimi ni fundi wa majokofu na mitambo ya barafu. Kazi yangu iko mialoni, kule boti za samaki zinapotia nanga: leo Kayenze, kesho Magu, wiki ijayo Bunda au Musoma, na siku nyingine navuka kwenda upande wa Sengerema. Kwa miaka saba nilizunguka kwa Boxer, hiyo hiyo ya vijana wa bodaboda, begi la vifaa limefungwa nyuma kwa mpira. Boxer sina ugomvi nayo. Ila nimeshavuka miaka 45, na kilomita 220 hivi za Mwanza hadi Musoma juu ya injini ya cc 150, basi likikupita linakuvuta kwanza halafu linakusukuma, mgongo umeanza kukataa.

Mwaka jana nikapata akiba ya kununua pikipiki kubwa iliyotumika. Dalali mmoja hapa mjini alikuwa nazo mbili kwa bei inayokaribiana. Ya kwanza Yamaha FJR1300. Nilipoiona nilijua nimekwisha. Silinda 4, cc 1298, tanki la lita 25, mwili umefunikwa kama boti ya mwendo kasi, kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Na haina cheni: nguvu inafika tairi la nyuma kwa shafti, kama kwenye gari. Mtu aliyesugua cheni yenye vumbi kila Jumamosi kwa miaka saba anajua utamu wa jambo hilo. Ya pili ilikuwa Suzuki V-Strom 650, silinda 2, nyembamba, ndefu, imesimama kama korongo kando ya ziwa. Hiyo sikuitazama mara mbili.

Kila niliyemuuliza aliniambia nichukue ndefu. "Barabara zetu si unazijua?" Wengi waliosema hivyo wanatembelea magari, na barabara walizokuwa wanazisema ni za zamani. Musoma lami, Shinyanga lami, Geita lami. Hata foleni ya kivuko cha Busisi imekuwa hadithi, tunapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli tangu Juni 2025. Nikajiambia hawa wanarudia waliyoyasikia. Nikanunua daftari la kurasa 48 nipate ushahidi.

Kwa wiki nne niliandika kila safari: kilomita za lami, kilomita za vumbi, saa ya kutoka na saa ya kufika. Jumla ilifika kilomita 1,870. Vumbi lilikuwa 160 tu, yaani kale kamlima ka kwangu Bugarika na vile vipande vya kuacha lami na kushuka mwaloni. Nikampelekea mke wangu jikoni, nimeshashinda kesi.

Akafuta mikono, akasoma, akageuza ukurasa. "Bunda kilomita 150, umetumia saa tatu kasoro. Sasa hiyo pikipiki ya kukimbia itakimbilia wapi?"

Nikamwambia ni sababu ya Boxer. Akarudi kwenye sufuria yake.

Dalali alikubali nizijaribu, siku moja moja, baada ya kumwachia kadi ya Boxer na kiasi fulani cha pesa mkononi. Jumamosi ya kwanza nikatoka na FJR. Foleni ya Igoma ilinionja kidogo: injini kubwa hivyo, imefunikwa pande zote, ukisimama simama joto lake linakupanda mapajani. Nikavumilia. Nikapita Kisesa, nikapita Magu, na baada ya hapo barabara ikanyooka mbele yangu, mashamba ya pamba kulia na kushoto, hakuna mtu. Nikafungua mafuta.

Sitadanganya, sijawahi kuendesha kitu kizuri kama kile. Kwenye 110 injini ilikuwa kama imelala. Kioo nimekipandisha, kelele imekwisha, upepo laini unanigusa kifuani na kunishika pale pale nilipoinama. Mikono ilikuwa haibebi chochote, imeshikilia usukani tu. Nikawa naimba ndani ya helmeti.

Raha hiyo ilidumu dakika tisa, niliangalia saa. Kikatokea kibao cha 50, matuta, watoto wa shule, mbuzi, trafiki na tochi yake chini ya mti. Halafu dakika nne za wazi. Halafu kijiji tena, na rasta zile nyembamba za kutetemesha meno. Nilipofika Lamadi nikasimama kwa mama lishe kunywa chai, nikatoa noti, na chenji ilipokuja sarafu zikanidondoka. Vidole vilikuwa havikunjiki. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kuanzia kidole gumba hadi kwenye kifundo.

"Una homa, baba?" akaniuliza. "Unatetemeka."

Nikakaa pale na chai yangu nikiifikiria ile mikono. Kule kwenye 110 haikuuma hata kidogo. Iliuma vijijini. Kwenye pikipiki ya mtindo ule usukani uko chini na mbele kidogo, vikanyagio viko nyuma, kwa hiyo kifua chako kinaelekea mbele. Ukiwa kasini, upepo ndio unaokibeba. Na upepo hauongezeki kidogo kidogo kama mtu anavyodhani: mwendo ukiwa mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne. Ule wa kilomita 100 una nguvu mara nne ya ule wa kilomita 50. Maana yake ukishushwa hadi 50, robo tatu ya aliyekuwa anakubeba ameondoka, na uzito huo unaangukia viganjani. Waliobuni pikipiki hizo hawakukosea. Waliwaza barabara ambayo mtu anaweza kukaa kwenye 110 saa nzima. Mimi barabara yangu ina kijiji kila baada ya dakika chache, na sheria ya kijijini ni 50.

Yaani lami si lami tu. Daftari langu liliuliza barabara imetengenezwa kwa kitu gani, wakati swali lilikuwa inaniruhusu mwendo gani. Mke wangu alikuwa amelijibu akiwa na mwiko mkononi.

Hata hivyo nilikuwa bado naitaka. Mtu akipenda, anatafuta sababu. Kilichomaliza mapenzi ni Bugarika, saa kumi na mbili jioni. Wanaoifahamu wanajua nyumba za kule zilivyojipachika kati ya mawe. Kuna kona moja ambayo lazima usimame kwanza kupisha anayeshuka. Nikasimama, nikashusha mguu wa kushoto, nao ukatua juu ya changarawe. Changarawe ikateleza. FJR ina kilo 290 hivi ikiwa na mafuta, na ikishapita pembe fulani hakuna misuli ya kuirudisha. Niliilaza taratibu kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa, nikiwa nasema "hapana, hapana, hapana." Vijana watatu walikuja kuiinua, wa nne akashika helmeti yangu. "Mzee, hii si pikipiki, hii ni Noah," akasema mmoja wao. Dalali alinikata pesa ya mkwaruzo, na alikuwa na haki.

Jumamosi iliyofuata nikachukua V-Strom bila furaha yoyote. Ni nyepesi kwa kilo 70 na zaidi, karibu uzito wa abiria mzima. Kasoro yake niliijua kabla hata ya kuiwasha: kiti kiko sentimita 83 na nusu kutoka chini, na mimi ni mfupi. Nikikaa, zinagusa ncha za vidole tu. Nilitoka mjini nikiomba taa zisiniwakie nyekundu.

Nikashika njia ya Usagara hadi Kigongo. Lile daraja lina urefu wa kilomita 3 na ushee, hakuna nyumba wala mti wa kukukinga, na upepo wa ziwa unakuja wa ubavu. Ukikaa wima unaupokea mwili mzima. Kichwa kilikuwa kinapigwa, helmeti inavuma kama dumu tupu, na nilifika Busisi shingo imekakamaa. Kwa hilo FJR ingenitunza vizuri zaidi, nakiri.

Lakini vijijini sikusikia kitu. Mgongo umenyooka, viwiko vimelegea, magoti hayajakunjwa kama ya mtu aliyekaa kwenye kigoda. Kwenye matuta nilikuwa nanyanyuka kidogo tu, na tumbo la pikipiki liko juu, takriban sentimita 17 kutoka chini, wakati ile nyingine ina 13 hivi. Nilipoacha lami kushuka mwaloni nikasimama kabisa kwenye vikanyagio, tairi la mbele lile la inchi 19 likawa linapanda makorongo ya mvua badala ya kuyatumbukia. Nilikaa Busisi saa mbili kutengeneza mtambo wa mtu, nikarudi, na jioni ile nilifunga na kufungua skrubu ndogo za redio ya mwanangu. Vidole vyangu vyote vilikuwepo.

Nikalipa Jumatatu.

Kazi haikuishia hapo. Kiti nilikipeleka kwa fundi wa makochi pale Igogo, akachana ngozi, akakata sponji sentimita 2 na kukipunguza upana mbele karibu na tanki. Upana ndio uliosaidia zaidi, maana mapaja yanayotanuliwa ndiyo yanayokufupisha miguu. Sasa nakanyaga kwa nusu ya unyayo. Gharama yake ni makalio: baada ya Bunda lazima nisimame.

Kioo kilinichukua wiki tatu. Kwanza nilikipandisha, kelele ikazidi. Nikakishusha, ikapungua lakini kifua kikapigwa. Mwisho nilimwomba fundi bati anikatie vipande viwili vya aluminiamu, kila kimoja urefu wa kidole, nikakisogeza kioo mbele na juu, nikaacha uwazi chini yake wa kupita vidole vitatu. Hewa inayopita kwenye uwazi ule inajaza nyuma ya kioo, na upepo wa juu hauporomoki tena kichwani. Ukiitazama ni mbaya kweli. Vijana wa kijiweni wanaiita miwani ya babu.

Na cheni imerudi maishani mwangu. Hii ni ya saizi 525, nene kuliko ile 428 ya Boxer, ila vumbi halijui saizi. Kila Jumamosi nina mafuta ya taa, mswaki wa zamani na kitambaa. Nikiwa nimechuchumaa pale naikumbuka shafti kwa uchungu kabisa.

Wanaosema ndefu ndiyo ya spea rahisi wasikudanganye pia. Cheni fundi yeyote ataikata na kuiunga, plagi utapata, lakini tairi la 150/70 rimu ya 17 hulikuti kwenye duka la spea za bodaboda, na lile la 180/55 la FJR ndiyo kabisa. Langu la nyuma limeanza kuwa bapa katikati kwa sababu ya hiyo hiyo lami yangu. Nimeliagiza Dar, wameniambia linakuja na basi Ijumaa, na hadi hapo Musoma naisubirisha, naenda Kayenze kwa Boxer.