Bukini wamefika, mimi namngoja mwingine

Fairbanks, Alaska. Aprili, usiku, ingawa nje bado kuna mwanga.

Bukini wamefika. Habari ilinikuta kazini kabla ya chai ya saa nne, maana watu wa hapa hutangaziana bukini wa kwanza kama kwetu tunavyotangaziana mwezi wa Idi. Tulipotoka kazini karibu kila mtu alielekea Creamer's Field: wazee na viti vyao, watoto, mbwa waliofungiwa ndani ya magari. Theluji bado imejaa, isipokuwa sehemu iliyoondolewa kwa mashine ili udongo uote jua mapema, na hapo hutupwa shayiri. Wenyeji wanasema sababu mojawapo ni kuwavuta ndege hawa wakae mbali na uwanja wa ndege.

Hapa palikuwa na ng'ombe wa maziwa wa Charles na Anna Creamer. Ng'ombe wa maziwa, kwa baridi hii! Katikati ya Desemba, tangu jua lichomoze hadi lizame hazipiti saa nne. Biashara ilifungwa 1966, wakazi wakachangishana pesa ili ardhi isiishie kuwa viwanja, na leo ni hifadhi. Mabanda meupe bado yamesimama.

Nilisimama mpaka vidole vikafa ganzi. Bukini walikuwa wakitua makundi kwa makundi, wakigombana, na pembeni yao bata wachache wenye mkia mrefu uliochongoka. Korongo bado. Hao hungoja Aprili iishe ndipo waje kutoka Texas, baada ya kupumzika na kunenepa kwenye mto Platte kule Nebraska. Kunguru, ambao hawajaenda popote msimu wote wa baridi, walikaa juu ya nguzo za taa wakiwatazama wageni. Nakiri nawaheshimu kunguru zaidi.

Mama alipiga simu nikiwa palepale. Narok mvua imeanza vizuri, mahindi yameshapandwa. Nikamweleza nilipo. "Mwanangu, umeenda mpaka Amerika kuangalia mabata?"

Sikumwambia kwamba ninayemsubiri hasa ametoka upande wake. Ni ndege mdogo wa gramu 25 hivi, dume ana mgongo wa kijivu, doa jeusi machoni kama aliyejipaka wanja, na kiuno cheupe kinachomulika anaporuka. Wanasayansi humwita Oenanthe oenanthe. Nyumbani, kuanzia Oktoba, utamwona juu ya kichuguu au jiwe kwenye malisho, akichuchumaa na kusimama, akichuchumaa na kusimama. Hakuna anayemshangaa. Huku hutaga mayai milimani, kwenye mawe, kusikokuwa na miti.

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambao ndege wa aina hii walifungwa vifaa vidogo vya kurekodi mwanga. Wale wa Alaska walikuwa wameenda kukaa Afrika Mashariki, safari ya kilomita 14,500 hivi kwenda tu. Walivuka bahari hadi Siberia, wakapita Kazakhstan, wakakata jangwa la Uarabuni. Kushuka kuliwachukua takriban miezi mitatu. Kurudi, siku 55 hivi. Ana haraka ya kuoa, nadhani.

Jambo linalonikaa moyoni ni hili: angeweza kufuata korongo kwenda Texas na kujipunguzia taabu. Lakini inaaminika mababu zake waliingia Alaska wakitokea Asia, na ukoo haujawahi kubadili njia. Kila mwaka vitoto vilivyoanguliwa huku, ambavyo havijawahi kuona Afrika, huondoka usiku kuelekea magharibi bila mzazi wa kuviongoza.

Watu wa hapa humwita ndege wao. Basi nikapiga hesabu kichwani nikiendesha gari kurudi. Huku hufika mwishoni mwa Mei na Agosti anafunga mizigo, miezi mitatu kwa kukisia. Kwetu anakaa kama miezi minne, na miezi mitano hivi inayobaki yuko angani au njiani. Kwa hesabu ya miezi huyu ni Mkenya anayekuja Alaska kuzaa tu. Mimi, kwa hesabu hiyohiyo, nitaonekana mtu wa Fairbanks, kwa hiyo mama asiisikie.

Leo, kama ratiba yake haijabadilika, yuko mahali fulani kati ya Uarabuni na Kazakhstan. Siku zinarefuka hapa kwa karibu dakika 7 kila siku, na theluji ya barabarani imeanza kuwa tope. Mei ikikaribia kwisha nitapanda Eagle Summit kwa barabara ya Steese, palepale walipofungwa vile vifaa. Darubini ipo. Sehemu ya njia ni changarawe, na tairi langu la akiba limechoka kuliko yale manne, kwa hiyo Jumamosi ni gereji kwanza.