Kumtembeza Baba Mkubwa katika Bustani za Burudani

Bustani nyingi za burudani zimejengwa kwa ajili ya mtu anayesimama kwa miguu yake. Jambo hili ni vigumu kulitambua mpaka umsukume mzee wako kwenye kiti cha magurudumu, ufike mbele ya kile mlichokuja kukitazama, kisha uiname hadi macho yako yawe sawa na ya kwake. Hapo utaona kwamba ukuta unaoishia kifuani pako unamfunika yeye uso mzima. Macho ya mtu mzima aliyeketi kwenye kiti huwa kwenye kimo cha takribani mita 1.1 hadi 1.2 kutoka ardhini, na hapo hapo ndipo wajenzi wengi hupenda kumalizia kingo za uzio. Amelipa kiingilio kama sisi wengine, lakini anaangalia saruji na migongo ya watu.

Baba Mkubwa ni kaka yake marehemu baba yangu. Alifanya kazi miaka mingi katika karakana za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hapa Lubumbashi, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na tangu alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto hauna nguvu. Akili yake ni timamu, kumbukumbu zake zinatushinda sisi vijana, na hapendi hata kidogo kushinda nyumbani siku ya Jumapili huku wengine wakitoka. Kwa hiyo tunatoka naye, na kila tunapokwenda nimejizoeza kuuliza kwanza swali moja: akiwa ameketi, ataona nini?

Katika Bustani ya Wanyama ya Lubumbashi tunapenda sana upande wa sokwe. Ndani ya bustani hiyo, tangu mwaka 2006, yapo makao ya J.A.C.K., yaliyoanzishwa na Franck na Roxane Chantereau ili kuwalea sokwe yatima waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Sokwe ni mnyama anayemfaa sana mtu wa kwenye kiti, kwa sababu hupanda, hukaa juu ya gogo, huning'inia, na mtazamaji aliyeketi humwona bila kuomba nafasi kwa mtu yeyote. Mamba ni kinyume chake. Mara nyingi mamba hufugwa chini, ndani ya dimbwi, nyuma ya ukuta ambao lazima uwe imara kwa usalama wa watoto. Dawa yake si kuushusha ukuta huo, bali ni kuacha sehemu moja yenye nondo zilizosimama wima au kioo kinene kuanzia karibu na ardhi, na watoto wadogo nao watanufaika, maana wao pia kimo chao ni kama cha Baba Mkubwa.

Jambo la pili ni kumuuliza mzee anataka kuona nini, na kulikubali jibu lake hata likikushangaza. Tulipompeleka mahali palipokuwa na bembea za kuzunguka, wajukuu walidhani atapenda kukaa kivulini awatazame wakipanda. Yeye aliomba asogezwe upande wa nyuma, penye mota. Alikaa pale muda mrefu, mkono wake wa kulia ukishika gurudumu la kiti, akisikiliza. Kisha alimwita kijana aliyekuwa akiiendesha mashine, akamwambia: «Mwanangu, mkanda wako umelegea, ndiyo maana unalia unapoanza kuvuta.» Yule kijana aliizima mashine, akachuchumaa mbele ya kiti, wakaongea mambo ya puli na grisi mpaka wajukuu wakachoka kusubiri. Nililipenda sana jambo hilo la kuchuchumaa. Watu wengi humsalimia Baba Mkubwa kwa kuniangalia mimi ninayemsukuma, na kuniuliza mimi kama yeye atakunywa maji au soda. Mimi hunyamaza, nikasubiri ajibu mwenyewe.

Wako watu waliolifikiria suala hili kuanzia kwenye ramani ya ujenzi. Huko San Antonio, katika jimbo la Texas nchini Marekani, bustani iitwayo Morgan's Wonderland ilifunguliwa mwaka 2010. Gordon Hartman aliijenga kwa ajili ya binti yake Morgan, ambaye ni mlemavu, ili acheze pamoja na watoto wengine badala ya kuwatazama kwa mbali. Bembea yake inapokea kiti cha magurudumu pamoja na mwenye kukikalia, na zile farasi za kuzunguka zina nafasi za viti ambazo nazo hupanda na kushuka kama farasi wenyewe. Mwaka 2017 iliongezwa sehemu ya michezo ya maji, yenye viti maalumu vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya betri. Mtu mwenye ulemavu haingii kwa kulipa. Najua kwamba gharama za namna hiyo haziko karibu na uwezo wa wenye bustani hapa kwetu. Hata hivyo, kinachokosekana kwetu mara nyingi ni mbao mbili na mfuko mmoja wa saruji. Ngazi moja yenye kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wa urefu wa mita 1.8 tu, kwa kipimo kinachotumika sana cha moja kwa kumi na mbili, na mteremko huo utamsaidia pia mama mwenye mtoto mgongoni na kijana anayeshusha kreti za vinywaji.

Kuhusu ardhi yenyewe, viti vingi vinavyopatikana mjini ni vya hospitali, na magurudumu yake madogo ya mbele yalikusudiwa sakafu laini. Yakiingia kwenye changarawe au vumbi letu jekundu, hujichimbia shimo, kiti husimama ghafla, na mzee anaweza kurushwa mbele. Ukifika mahali pa namna hiyo, mgeuze, umvute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Fanya hivyo hivyo kwenye mteremko mkali wa kushuka, lakini mwambie kabla ya kumgeuza, kwa sababu kugeuzwa bila taarifa kunamtia mtu hofu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya kusukuma unasisitiza kwamba kiti kinachofaa ni kile kinacholingana na mazingira ya mtumiaji na kinachoweza kupatikana na kufanyiwa matengenezo nchini mwake. Sisi tulitafuta kiti chenye matairi ya upepo, na kikipata pancha kinashughulikiwa na fundi wa baiskeli wa mtaani.

Sasa nizungumzie choo, kwa sababu ndicho kinachoamua kama matembezi yatakuwa ya furaha au ya mateso. Wazee wengi hawanywi maji siku ya kutoka. Watakuambia hawana kiu, lakini ukweli ni kwamba wanaogopa aibu ya kuhitaji choo mahali ambapo mlango ni mwembamba kuliko kiti, au ambapo kuna tundu la kuchuchumaa tu. Mzee asiyekunywa maji chini ya jua la Oktoba, mwezi wetu wa joto kali, anaweza kupata kizunguzungu na kuugua kabisa. Kwa hiyo siku moja kabla, mmoja wetu hupita mahali tunapokusudia kwenda, akapima mlango wa choo kwa kamba iliyo na upana wa kiti. Kisha tunamwambia Baba Mkubwa waziwazi: choo kipo, unaingia vizuri, na mwanao wa kiume ndiye atakayekusaidia. Tangu tuanze kumwambia hivyo, anakunywa.

Haya si maombi ya huruma. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi burudani, mapumziko na michezo, na sheria yetu wenyewe ya kulinda haki za watu hao ni ya tarehe 3 Mei 2022. Mwenye kujenga bustani leo anayo sababu ya kupima milango kabla saruji haijakauka.

Wakati mzuri kwetu ni kiangazi, njia zikiwa kavu, ingawa asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi ambayo mtu anayesukuma kiti haisikii, ila anayekikalia inamwingia mifupani. Blanketi la miguuni ni la lazima. Kila nusu saa tunamsaidia kujiinua kidogo ili damu ipite mahali alipokalia. Tukirudi nyumbani, mwanawe humkagua ngozi ya mapaja, nyonga na visigino. Wekundu usiofifia ni dalili ya kidonda kinachoanza, na ukionekana, hatutoki tena mpaka ngozi itulie, hata kama yeye mwenyewe ameshavaa kofia yake na anadai kwamba yuko tayari.