Sufuria moja ya familia, mizani ya jikoni na kutembea koridoni: nilivyopunguza uzito

Programu nyingi za simu za kuhesabu kalori zinakuuliza umekula vipande vingapi vya mkate. Kwetu tunapika sufuria moja inayoliwa na watu sita, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Mimi nilikuwa na kilo 91 kwa urefu wa sentimita 160, presha imeanza kupanda, na daktari alitaka nipunguze uzito kabla ya kuniongezea dawa. Sikutaka kujipikia chungu changu pembeni. Nilitaka kupungua huku nikila chakula kilekile wanachokula wanangu.

Namba za vyakula nilizitoa kwenye majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008, yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Humo nilikuta vyakula vya jikoni kwangu: unga wa mahindi, dagaa, mchicha. Kiwango changu cha kalori kwa siku nikakipiga kwa fomyula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanamke, unachukua kilo mara 10, unajumlisha sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5, kisha unatoa 161. Kwa miaka yangu 43 nilipata kama kalori 1,530, nishati ambayo mwili unaitumia hata ukishinda umelala. Kwa kuwa kazi za siku zinaongeza matumizi juu ya hapo, nikapanga kula kati ya 1,500 na 1,600 kwa siku, daktari akaridhia.

Sasa tuje kwenye sufuria. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni Kariakoo, nikapima kila sufuria ikiwa tupu na kuandika uzito wake kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Siku ya wali naandika kila kinachoingia kikiwa kibichi. Kilo moja ya mchele ina kalori kama 3,600. Nusu kikombe cha mafuta ni karibu 1,000. Jumla 4,600. Wali ukiiva napima sufuria nzima. Ikisoma gramu 3,700, na sufuria tupu ni 900, basi wali ni gramu 2,800. Nagawa 4,600 kwa 2,800, napata kalori 1.6 na kidogo kwa kila gramu. Sahani yangu ya gramu 250 ni kama kalori 410. Ukishazoea, hesabu yote inaisha kabla watoto hawajanawa mikono.

Mizani hiyo ndiyo iliyonionyesha mafuta. Mchicha wenyewe hauna kitu, gramu 100 hazifiki hata kalori 30. Lakini nilipomimina mafuta kwenye kikombe kwanza, kwa kadiri ya mkono wangu wa siku zote, yalitoka vijiko sita vya chakula, na kila kijiko ni kalori 120. Mboga niliyokuwa naiona nyepesi kuliko zote ilikuwa imebeba zaidi ya kalori 700. Siku hizi naweka vijiko viwili kwa sufuria nzima, naongeza kitunguu na nyanya, na hakuna aliyelalamika mezani. Chai nayo: vijiko vidogo vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni kalori kama 145. Nilishuka taratibu hadi kijiko kimoja. Ugali sikuuacha, na simshauri mtu auache. Napima tu unga wa sehemu yangu, gramu 100, ambazo ni kalori kama 360.

Kutembea nilifanyia nyumbani kwa sababu narudi kutoka kazini giza limeshaingia, barabara yetu haina njia ya waenda kwa miguu, na masika ikija ni tope tupu. Natembea kutoka sebuleni, napita koridoni hadi uani, narudi, wakati wa taarifa ya habari. Navaa raba, maana sakafu ya vigae peku iliniumiza visigino. Simu naifunga kwenye pindo la khanga kiunoni, la sivyo haihesabu hatua. Binti yangu mdogo hunifuata nyuma akiuliza, "Mama, zimebaki ngapi?"

Niseme wazi kuhusu kutembea: nusu saa kwa mtu wa kilo 90 inaunguza kalori kama 130, na sehemu yake ungeitumia hata umekaa. Hiyo ni sawa na kijiko kimoja cha mafuta. Kilichonipunguza kilo ni jikoni. Lakini matembezi yalinipa usingizi, na kutembea baada ya kula kunasaidia sukari ya damu isipande sana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dakika 25 za koridoni kila jioni zinazidi hapo.

Kigumu zaidi kilikuwa watu. "Umekonda mno, dada, una mawazo gani?" Shangazi alifunga safari kuja kuniuliza kama naumwa. Nilimkalisha jikoni nikamwonyesha karatasi ya sufuria na vipimo vyangu vya presha, akaondoka ametulia.

Nilipofika kilo 80 uzito ukagoma kushuka. Sababu ipo kwenye fomyula ileile: kilo 11 zikitoka, mwili unahitaji kalori 110 pungufu kila siku. Nilipunguza kipande cha chapati ya asubuhi, ukaanza kushuka tena. Najipima asubuhi kabla ya chai na kuangalia wastani wa wiki, kwa sababu chumvi na siku za hedhi zinaweza kuongeza kilo nzima ya maji.

Sasa nina kilo 77 na daktari amenipunguzia dozi moja ya presha. Mboga za majani, nyanya na matunda siyapimi tena. Mafuta, mchele, unga na nazi bado vinapita kwenye mizani kila siku.